Memba Aliyekatizwa Neno

Tangu nyumba za ukingo wa msitu zilipochomwa, swali moja limeninyima usingizi: je, mzee angegeuka? Nikilalia ubavu wa kulia najibu kwamba angegeuka, na kwa hiyo nimeua mtu. Nikigeukia ukutani najibu kwamba huenda asingegeuka, na kwa hiyo mimi ni karani tu niliyeandika nilichosikia. Kule Kampala nilikosomea shahada yangu nilifundishwa kupima hoja mbili na kuchagua iliyo nzito. Hawakunifundisha kupima hoja ambayo mwenyewe hakupewa nafasi ya kuisema.

Swali hili halina maana kwa mtu asiyemjua mzee huyo. Kwa hiyo nitamweleza yeye kwanza, nikiweza bila kumpamba na bila kujipamba.

Tulimwita Memba. Alikuwa mmoja wa wazee watano wa Kamati ya Ushauri ya lokesheni yetu, huku juu ya Kimulot, mahali mashamba ya chai ya Wazungu yanapokoma na msitu wa Mau unapoanza. Kazi ya kamati ilikuwa kumweleza Bwana D.O., afisa Mzungu wa wilaya, kila mwezi wananchi wanafikiri nini, naye alikuwa huru kuyachukua maneno yao au kuyaacha. Chifu, aliyekuwa mwenyekiti, alikuwa na mshahara. Mimi, karani na mkalimani, nilikuwa na wangu. Hata askari aliyesimama mlangoni alikuwa na wake. Wale wazee watano hawakulipwa kitu. Walikuja kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Jina la Memba lilianza kama kejeli, na aliyelianzisha ni mkewe. "Mpisheni memba wa serikali," alikuwa akiwaambia wanawake wenzake kisimani, mumewe akipita na koti lake la jeshi lililochakaa. "Anakwenda kumfundisha Mzungu jinsi ya kutusahau." Wanawake wakacheka, jina likashika.

Alikuwa mrefu, ndewe za masikio zimetobolewa na kuvutwa kama za wazee wote wa rika lake, lakini moja ilikuwa imekatika. Watu walisema ilikatika vitani, alipokuwa askari ugenini. Yeye alisema ililiwa na mbuzi. Hakutabasamu alipolisema hilo, nasi hatukujua kama tucheke.

Watu walimheshimu kwa sababu ya maneno yake, ila wengi walimheshimu kwanza kwa sababu alipiga. Sitaki kulificha hilo. Siku moja sokoni Sosiot kijana mmoja alimcheka mjane aliyeangusha kibuyu cha maziwa. Memba akamsogelea, akamwomba acheke tena, taratibu, ili naye asikie vizuri utamu wake. Kijana akacheka tena. Memba akampiga ngumi moja, taya likavunjika, watu wakasikia lilivyolia. Kisha akamchukua mgongoni mpaka zahanati, akimgombeza njia nzima: "Wewe weri, kijana wewe, umekula nini? Mzito hivi na akili hakuna!"

Mwanawe wa kwanza, Memba alimpiga rungu la goti kwa sababu kijana huyo alimuuza ndama wa mama yake bila kuuliza. Goti halikupona. Mwana huyo alikwenda kuchuma chai kwenye shamba la Wazungu, akichechemea kati ya mistari ya michai, na hakurudi nyumbani tena. Mtu akimtaja, Memba alijibu, "Goti lile ni langu. Mimi ndiye ninayelitembelea."

Na mtu huyohuyo aliogopa sindano. Mganga wa serikali alipokuja kuchanja watu, Memba alijificha ndani ya mahindi. Mkewe alisimama pembeni mwa shamba akapaza sauti kijiji kizima kisikie: "Memba! Toka! Serikali inataka ushauri wa mkono wako!" Akatoka, akachanjwa, akazimia.

Ofisini kwa D.O. wazee walipewa chai kwenye vikombe vya bati. Yeye hakuinywa hata mara moja, ingawa nyumbani kwake alikunywa tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Nilimuuliza kwa nini.

"Nikinywa chai yake nimeajiriwa," alisema. "Sasa hivi naweza kumwambia Mzungu kwamba amekosea, kisha nikavaa koti langu nikaenda. Wewe unaweza?"

Nililifikiria jambo hilo juma zima, kama ilivyo kawaida yangu, na mwisho wa juma jibu lilikuwa lilelile.

Uhuru huo ulimgharimu. Siku moja wazee walikaa ofisini tangu asubuhi wakijadili josho jipya la kuogeshea ng'ombe, na siku hiyohiyo ng'ombe wake mwenyewe alikwama kwenye kuzaa. Mkewe na jirani mmoja walivuta miguu ya ndama mpaka ikateguka. Ng'ombe akafa, ndama akafa. Memba aliporudi alikuta mkewe ameshachuna ngozi peke yake, damu imemfika viwikoni. Mke akaitupa ngozi ile miguuni pake mbele ya wageni. "Huo hapo mshahara wako."

Alinisimulia habari hiyo mwenyewe, akicheka mpaka machozi yakamtoka. "Nilikuwa naishauri serikali juu ya afya ya ng'ombe!" Mkewe alikuwa akipalilia pale karibu. Hakucheka.

Kamati ilishauri mengi, na mengi yakabaki kwenye faili langu. Walishauri daraja la magogo lihamishwe juu, mahali mto ni mwembamba. Halikuhamishwa. Mvua kubwa zilipokuja, maji yalilibeba pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakivuka na vikapu vya chai. Waume zao hawakwenda kwa D.O. Walikwenda kwa Memba na fimbo. "Si wewe ndiye unayekaa na serikali? Ulikuwa unasema nini huko?" Walimpiga mgongoni na mabegani. Mtu yule aliyevunja taya la kijana kwa ajili ya kicheko hakuinua mkono. Walipochoka aliwaambia waketi, mkewe awape maji.

Baada ya siku hiyo alinipa usemi ninaoukumbuka kuliko yote niliyosoma chuoni. "Wakitusikia, wao ndio walioamua. Wasipotusikia, sisi ndio tulionyamaza."

"Basi kwa nini hujiuzulu, Mzee?"

"Kiti kikibaki wazi kitakaliwa na nani? Chifu ana mashemeji watatu."

Sasa nieleze namna yake ya kusema, maana mambo yote yalitoka hapo.

Kwetu majirani wana baraza lao, kokwet, ambalo huketi kwenye nyasi na kuzungumza mpaka jambo liishe. Hakuna kura. Mzee anayelifunga jambo ni lazima aonyeshe kwamba amemsikia kila mtu. Memba alikwenda mbali zaidi. Kabla ya kusema lake, alibeba neno la yule anayempinga, akalisema vizuri kuliko mwenyewe, bila kulipunguza, mpaka mwenye neno akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha aliketi. Alifungua kipembe chake cha ugoro, akavuta, akapangusa pua, akawaacha watu wakae na neno lile. Ndipo alipoinuka mara ya pili na kusema, "Sasa mnisikilize mimi." Huko tulikuita kugeuka. Kila mtu kwetu alijua kwamba Memba akiwa na ugoro mkononi hajasema lake bado. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo, vijana walikuwa wamemkamata mtu mzima kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyekuja usiku kuiba ng'ombe. Walimfunga kamba za ngozi mpaka vidole vikawa vyeusi, nao walitaka kumchoma mikuki. Memba akawabebea neno lao. Aliwataja ng'ombe walioibwa mmoja mmoja kwa rangi zao. Alitaja watoto waliolala bila maziwa. Alisema mwizi akirudi kwao mzima, kesho watakuja kumi. Kijana mmoja alikuwa ameshauinua mkuki, na yule mfungwa amejikojolea. Memba akaketi, akavuta ugoro. Kisha: "Sasa mnisikilize mimi. Asiyewahi kula nyama ya ng'ombe wa wizi ainue mkono." Hakuna mkono ulioinuka. Mtu yule alifunguliwa.

Nilimwona akigeuka namna hiyo mara nyingi sana. Mara moja tu hakugeuka. Mtu mmoja alikuwa amemmwagia mkewe maji ya moto, na mke akafa baada ya siku tatu za kulia. Ndugu za marehemu walitaka auawe. Memba alilibeba neno lao, akaketi, akavuta ugoro. Tukangoja. Akainuka. "Sasa mnisikilize mimi," alisema. "Sina lingine." Walimpiga mtu yule kwa marungu kando ya mto mpaka akafa, na wa kwanza kushika rungu alikuwa Memba.

Mara moja tu. Hiyo ndiyo niliyoishika baadaye, kama mfa maji.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Wakikuyu waliokuwa wakipasua mbao pamoja nasi walikuwa wameshapakiwa kwenye malori na kurudishwa kwao, na majembe yao yalibaki yamesimama mashambani. Sasa serikali iliamini kwamba wapiganaji walio msituni wanapewa maziwa na unga kutoka nyumba zetu sisi wenyewe, zile za ukingoni. D.O. akaleta swali kwenye kamati: nyumba hizo zichomwe na wenyewe wateremshwe chini, au ziachwe? Chifu alisema zichomwe. Wazee wengine walitazama chini. Memba akasimama.

Akalibeba neno la chifu. Sijapata kumsikia akibeba vizuri namna ile. Alisema msitu hauna mlango, na nyumba iliyo karibu nao haina mwenyewe. Alisema mama akiamriwa kwa panga atoe unga, atautoa, si kwa sababu ni mbaya bali kwa sababu ana watoto. Alisema heri nyumba iungue mchana watu wakiwa nje kuliko ichomwe usiku watu wakiwa ndani. Nilitafsiri kila sentensi, na D.O. alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Kisha Memba akaketi, akafungua kipembe cha ugoro.

D.O. alitazama dirishani. Mawingu yalikuwa yameshuka, na barabara ile ikinyeshewa lori halipandi. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Kwa hiyo anakubali zichomwe?"

Nilikuwa na muda wa pumzi tatu au nne. Nilimwona Memba na ugoro kwenye kidole. Wazee wote walikuwa wametulia, wakingoja. Nilifikiri: nikisema hajamaliza, D.O. ataniuliza nimejuaje, nami nitamwambia ni kwa sababu ya ugoro, naye atacheka au atakasirika. Nilifikiri: kazi ya mkalimani ni kutafsiri maneno, na kimya si neno. Nilifikiri pia juu ya karani wa lokesheni ya jirani, aliyepigwa viboko ishirini na vinne hadharani, ngozi ya matako ikachanika, kwa kosa la kuongeza maneno ya kuwatetea watu.

"Hayo ndiyo aliyosema, Bwana," nilijibu.

D.O. akafunga daftari, akavaa kofia, akatoka. Lori likanguruma. Memba alibaki ameshika ugoro wake, anautazama mlango.

"Amekwenda wapi?" aliniuliza.

"Mvua, Mzee."

"Haya. Mwezi ujao nitamalizia."

Kila mtu mle ndani aliamini hivyo. Jambo la watu wengi namna ile halikatwi katikati ya neno la mzee. Kwetu haijawahi kutokea.

Nilipopiga taipu taarifa ya mkutano niliongeza sentensi moja mwishoni: mzee huyu hakumaliza maneno yake. Nikaisoma. Nikawaza viboko. Nikaitoa karatasi, nikaichana, nikapiga nyingine bila sentensi ile. Nilifanya hivyo mara mbili. Karatasi iliyokwenda kwa D.O. ilimtaja kwa jina, ikasema: mzee huyu, anayeheshimiwa sana na watu wa ukingoni, ameshauri nyumba zichomwe.

Hawakungoja mwezi ujao. Siku ya nane malori yalipanda na askari. Watu walikusanywa uwanjani. D.O. alisimama nyuma ya lori akaisoma taarifa yangu kwa Kiingereza, nami nikaitoa kwa lugha yetu, kwa mdomo wangu: mzee wenu mwenyewe ameshauri hivi. Nikataja jina lake. Memba alikuwa palepale kati ya watu. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ni wapi alipoangusha kitu.

Askari wakaanza kuwasha. Nyasi za mapaa zilikuwa na unyevu, kwa hiyo walimwaga mafuta ya taa. Mbuzi walilia. Mzee mmoja aliyekataa kuachia nguzo ya mlango wake alipigwa kitako cha bunduki kwenye vidole, kimoja kimoja, mpaka akaiachia.

Memba alikuwa amewahi kuniambia, siku moja akinoa panga, kwamba vitani alichoma vijiji vya watu ambao hakujua hata salamu yao. "Nyumba ikishika moto kuku ndio hutoka kwanza," alisema. "Wasipotoka, mlango umefungwa kwa ndani. Kuna mtu." Nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa ya mjane mmoja kiziwi. Hakusikia mbiu wala malori. Moto ulipanda paa, na hakuna kuku aliyetoka.

Nilimwona Memba akiinua kichwa. Kisha akakimbia. Askari mmoja alimpiga kitako cha bunduki mdomoni, akaanguka, akatema meno, akainuka, akakimbia tena. Hakupitia mlangoni. Aliuvunja ukuta wa nyuma kwa bega na kuingia. Alipotoka, koti lake lilikuwa likiwaka mgongoni, naye amembeba yule mama mikononi. Mama alikuwa ameshakufa. Ngozi yake ilibaki kwenye mikono ya Memba.

Mwana wa mama yule alikuwa mpasua mbao. Alikuja mbio kutoka kwenye shimo la msumeno, njiani ameshaambiwa taarifa ile, ana panga, na kitu cha kwanza alichokiona ni mtu aliyeshauri nyumba zichomwe, ameishika maiti ya mama yake.

"Umetushauri vizuri, Memba!" alipiga kelele. "Umetushauri vizuri!"

Memba alimlaza mama chini kwanza, polepole. Alipoinuka panga lilikuwa linashuka. Aliinua mkono wa kulia kujikinga, panga likapita kwenye kifundo, na kiganja kikabaki kinaning'inia kwa ngozi. Askari wakamwangusha mpasua mbao na kumpiga mateke. Memba aliwakemea wamwache. Alisema kwa Kiswahili, mdomo umejaa damu, "Wacheni! Huyu amefiwa!" Kisha akaketi chini kama mtu aliyechoka na safari.

Hospitalini walikimalizia kile kiganja. Mpasua mbao alifungwa miezi mitatu, kisha akaachiliwa.

Watu wa kokwet hawakumsamehe Memba. Walikoma kuomba moto nyumbani kwake, na mkewe akifika kisimani wengine waliondoka. Wale wazee wanne waliokuwa naye ofisini walijua alikuwa na ugoro mkononi, lakini kila mmoja alikuwa na ndugu aliyechomewa, na ilikuwa rahisi kwao lawama ikae kwa mtu mmoja. Chifu alisema hakumbuki vizuri. Memba mwenyewe hakujitetea. Mimi nilikuwa nikingoja ajitetee. Kila asubuhi nilitumaini nitasikia kwamba amesimama na kusema ukweli, ili mimi nisilazimike.

Mpasua mbao alipotoka jela aliomba kokwet iketi siku ya Jumamosi. Ombi lake lilikuwa moja: nyumba ya Memba ichomwe, afukuzwe, na mtu yeyote asimpe mahali pa kulala kutoka hapa mpaka Bomet. Niliposikia hivyo nilikwenda kumwona Memba. Ilikuwa Jumatano, baada ya mvua.

Mkewe alinipokea mlangoni. "Karani, karibu. Chai ipo. Kuku wamepungua, wageni pia." Alikuwa anajua nilichokifanya. Nilimwona machoni kwamba anajua.

Memba alikuwa ameketi akijifunza kufunga kamba kwa mkono wa kushoto na meno aliyobakiwa nayo. Kigutu kilikuwa kimefungwa kitambaa. Nilikunywa chai yote kwanza.

"Mzee, siku ile hukuwa umemaliza. Nami nilijua."

"Kila mtu alijua."

"Lakini mimi ndiye niliyeulizwa."

Akaiweka kamba chini. "Sikiliza. Jumamosi utanyamaza. Mimi nimezeeka, nikifukuzwa nitakwenda kwa dada yangu kule Kabianga, nitakufa huko, basi. Wewe ukisema, yule mpasua mbao atakuua. Na asipokuua yeye, serikali itakufunga. Tuna kijana mmoja tu mwenye digrii katika milima hii yote, nasi tumpoteze kwa ajili ya kiganja? Mimi ndiye niliyesema maneno yale. Mdomo ni wangu."

"Ulisema nusu."

"Nusu pia ni yangu."

Nikamuuliza lile swali. "Ungegeuka, Mzee?"

"Wewe ulisikia nini?"

"Nusu."

"Basi una nusu. Neno lisilosemwa siku yake halina siku nyingine. Nikikuambia leo ningegeuka, utasema najisafisha. Nikikuambia nisingegeuka, utalala usingizi mzuri, na sitaki kukununulia usingizi." Akaichukua tena kamba. "Nyamaza. Huo ndio ushauri wangu. Unajua jinsi ushauri ulivyo. Ukiuchukua ni wako, ukiuacha ni wako."

Ijumaa nilikwenda kwa D.O. na karatasi niliyoiandika upya, yenye sentensi ile niliyoichana mara mbili. Aliisoma akiwa amesimama. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Aliniambia taarifa imeshatiwa sahihi. Kisha, kama mtu anayemtuliza mtoto, akaniambia nisijisumbue: uamuzi wa kuchoma ulikuwa umeshafanywa huko juu kabla kamati haijaketi. Kilichokuwa kinahitajika ni jina la mtu ambaye wananchi wangemsikia. Ningeandika vingine, wangelitafuta jina jingine.

Nilitoka nje, nikasimama kando ya ukuta wa ofisi. Kwa muda mfupi nilifurahi, nakiri. Nyumba zingechomwa tu. Mama yule angekufa tu. Nilikuwa nimepewa kibali cha kulala, na tena na mwenye mamlaka. Lakini nilivyotembea kurudi nyumbani niliona kwamba swali langu la siku zote halikuwa na kazi tena. Angegeuka au asingegeuka, moto ungewashwa. Kilichokuwa mikononi mwangu hakikuwa moto. Kilikuwa jina lake, na jina hilo mimi ndiye niliyelitoa.

Jumamosi saa nne asubuhi kokwet iliketi kwenye nyasi juu ya mto. Memba hakuja, ila mkewe alikuja, akasimama mbali na wanawake wengine. Mpasua mbao alisema neno lake kwa ufupi. Mkebe wa mafuta ya taa ulikuwa karibu na mguu wake. Mzee mmoja akauliza kama kuna mwenye neno lingine kabla ya jambo kufungwa.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu yenye sababu sita, lakini sababu zote zikanitoka.

"Siku ile ofisini," nilisema, "Memba alikuwa na ugoro mkononi. Mzungu aliniuliza kama amekubali. Nilijua hajamaliza. Nikasema hayo ndiyo aliyosema. Nikaandika hivyo, nikawasomea hivyo."

Mmoja wa wale wazee wanne alifunika uso kwa blanketi lake. Mpasua mbao akainuka, akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya utomvu wa mbao kwenye shati lake.

"Kwa nini?"

"Niliogopa viboko."

"Viboko." Alilirudia neno lile kama mtu asiyejua maana yake. Akanipiga ngumi ya mdomo. Nikaanguka, nikainuka. Akanipiga tena, safari hii tumboni, nikapiga magoti. "Mama yangu alikuwa ndani. Na mzee wa watu nimemkata mkono. Mimi! Mkono wangu ndio uliomkata! Umeninyamazia miezi yote hii?"

"Ndiyo."

"Na leo umekuja kufanya nini hapa?"

Damu ilikuwa ikinitiririka kidevuni mpaka kwenye shati jeupe. Nilikuwa na majibu mengi. Nilichagua lililo fupi.

"Kama kuna nyumba ya kuchomwa leo, ni yangu. Ile ya mabati, karibu na duka. Hakuna mtu ndani. Nimefungua milango."

Kisha nikaketi palepale kwenye nyasi, katikati yao, nikangoja waamue.